Vibanda Vingapi?

Kila Juni, kabla ya tarehe 30, nilikuwa napitia saiba ya mtaani, namwachia jamaa PIN na neno la siri, namlipa mia mbili, natoka na karatasi inayosema mwaka mzima sikupata kitu. Ritani ya sufuri. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina mwajiri. Nani angebisha?

Mwaka huu saiba ilijaa, nikaelekezwa kwa mama mmoja ghorofa ya pili, karani mstaafu anayejazia watu fomu. Aliangalia skrini kitambo, akaniuliza, "Kijana wangu, kama hukupata kitu, hii asilimia tano ulikatwa kwa pesa gani?"

Nikanyamaza.

Serikali kutaka kujua una nini si jambo la jana. Mwaka 1901 mkoloni alianzisha kodi ya kibanda, na swali lilikuwa moja tu: una vibanda vingapi? Watu wakajibu kwa akili. Familia zikabanana, wengi wakalala chini ya paa moja ili hesabu ipungue. Serikali ikashtuka, na mwaka 1910 ikaleta kodi ya kichwa kuwanasa wanaume wasio na kibanda. Hakukuwa na fomu ya kujieleza. Hedimani alikuja, akahesabu, akaenda. Ukikosa pesa, ulizifuata kwenye shamba la mlowezi, na huko ndiko walikotaka uende.

Na walowezi je? Ushuru wa mapato ulijaribiwa mwaka 1921. Wakapiga kelele, na 1922 ukaondolewa. Waafrika nao walipiga kelele. Kodi yao ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, na Harry Thuku alikuwa akiipinga, pamoja na kipande na kukatwa mishahara. Alipokamatwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Machi 16, 1922, ukapigwa risasi. Kodi ikashushwa hadi 12, lakini tazama bei iliyolipwa.

Ushuru wa mapato ulirudi 1937 na haukuondoka tena. Ulikuja na kitu ambacho kodi ya kibanda haikuwa nacho: nafasi ya kujieleza. Hiki nilipata, hiki nilitumia kukipata, hiki nilishakatwa. Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilikuwa ya wenye pesa na wahasibu wao. Leo ni yangu pia, na mimi nilikuwa naitupa kwa mia mbili.

"Hiyo asilimia tano si mwisho wa mambo," mama aliniambia. "Ni malipo ya mapema."

Tukaanza na mwaka wa kwanza. Kazi nne za 45,000, jumla 180,000. Nilikatwa 9,000. Ushuru wa asilimia 10 ni 18,000, lakini nafuu ya kila mtu ni 28,800 kwa mwaka. Kumbe sikudaiwa hata senti. Serikali ndiyo ilikuwa na 9,000 zangu, na mimi nilikuwa nimeiandikia kwamba hazipo.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshafungua mwaka uliofuata: 420,000, nyingi kutoka kwa mteja wa nje, bila kukatwa chochote. Ushuru 34,600, kabla ya gharama, adhabu na riba.

"Bandali zako ni za kazi?"

"Zote, mama."

Akanitazama juu ya miwani.

"Nusu," nikasema.

"Basi tutaandika nusu."

Nilitoka pale na deni, halafu nikatembea hadi stejini nikiwaza wale waliolala wamebanana, wakisikiliza nyayo za hedimani. Wao walificha vibanda kwa sababu hakuna aliyewauliza kingine. Mimi niliulizwa, nikasema sufuri.

Jumatatu narudi kwake na stetimenti za M-Pesa. Zote.