Faida ya Mwajiri Anayefundisha

Wazee wetu wa Buha, toka Kasulu hata Kibondo, walikwenda Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba, wala si kwa jina. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua. Mkataba ulipokwisha, wengi walirudi na nguo na fedha kidogo, bila ufundi wa kuwafaa nyumbani.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika shaba ya Katanga, mambo yalikuwa yamekwisha geuka. Kampuni ya Union Minière nayo hapo kwanza iliandika watu kwa muda mfupi; wengi walikufa, wengine wakatoroka. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 ikageuza shauri: mikataba ya miaka mitatu, wake na watoto wakaribishwe kambini, na shule zikabidhiwe mapadre Wabenediktini. Wavulana wakafundishwa kazi. Haikuwa sadaka. Kampuni ilipiga hesabu, ikaona kumleta mgeni kila mara ni gharama kuliko kumfundisha aliyepo. Hata hivyo vyeo vya juu viliwekwa kwa Wazungu.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, na waajiri wakatozwa kodi kwa mafunzo ya ufundi. Lakini kodi peke yake haimfundishi mtu. Yampasa mwajiri amfungulie kijana karakana yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi, ndugu msomaji, mwanao akiitwa kazini, uliza mshahara. Kisha uliza pia atarudi na ufundi gani.