Stadi za Kuishi na Wenzake: Mtoto Hufundishwa, Hazaliwi Nazo

Leo hatutazungumzia malaria wala chanjo. Tutazungumzia afya ya moyo na akili ya mtoto wa shule ya msingi: kutambua hasira yake na kuituliza, kueleza hofu yake, kungoja zamu, kuomba msamaha, kupata rafiki. Wataalamu huziita stadi za kijamii na kihisia. Wengi wetu hudhani mtoto huziokota njiani tu. Lakini historia inatuonyesha kwamba hufundishwa, na kwamba mzazi ana sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Twende Marekani, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Mwaka wa 1968, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye James Comer, Mmarekani mweusi, alianza kazi pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale katika shule mbili za msingi. Wanafunzi karibu wote walikuwa weusi, wa familia maskini. Kati ya shule 33 za mji huo, hizo mbili zilikuwa nambari 32 na 33 kwa masomo. Utoro ulikuwa mwingi, vurugu madarasani, na walimu na wazazi hawakuaminiana.

Kwa nini daktari aache hospitali aende shuleni? Comer alizaliwa mwaka wa 1934 katika mji wa viwanda vya chuma jimboni Indiana. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mama yake, Maggie, alifanya kazi katika nyumba za watu, na hakuwa amesoma hata miaka miwili. Hata hivyo mama huyo aliwasomea watoto wake, akawapeleka maktaba, na akawasikiliza walipokuwa wakijadiliana mezani. Comer alikuwa na marafiki watatu wa utotoni, werevu kama yeye. Mmoja alimalizwa na pombe, mwingine akaishi miaka mingi gerezani, wa tatu akawa wa kuingia na kutoka hospitali za akili. Comer alijiuliza tofauti ilitoka wapi. Akaona haikuwa akili waliyozaliwa nayo. Ilikuwa malezi ya nyumbani, yaliyomtayarisha kuishi na watu na kukabili shule.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, na wazazi walikasirika. Hapo ndipo walipoweka utaratibu uliodumu. Mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wataalamu wa watoto walikaa meza moja kupanga mambo ya shule. Sharti moja lilikuwa hili: hakuna kulaumiana. Tatizo likitokea, wasiulize nani mkosaji, bali waulize mtoto huyu anakosa nini.

Comer alisimulia habari za mvulana wa miaka minane aliyehamia New Haven kutoka kijijini North Carolina. Siku ya kwanza aliachwa kwenye darasa geni, mbele ya mwalimu aliyechoka kwa kupokea wageni wengine. Mtoto aliona kama hatakiwi. Akampiga mwalimu teke, akakimbia nje. Zamani angeadhibiwa, arudishwe darasani, akosee tena, aadhibiwe tena. Safari hii walimu walikaa na wataalamu wakatafakari hofu ya mtoto aliyeng'olewa kwao. Wakaandaa njia ya kumkaribisha darasani, kisha wakaweka utaratibu wa kuwapokea wanafunzi wote wageni.

Mwaka wa 1977 wakaanza kufundisha stadi hizi waziwazi, wakipanga pamoja na wazazi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa meya. Watoto waliandika barua kuwaalika wagombea, wakafundishwa kuwapokea wageni, kuuliza maswali kwa adabu na kuandika barua za shukrani. Humo walijifunza kusoma na kuandika, na pia kusimama mbele ya watu bila woga.

Matunda hayakuja kwa siku moja. Kufikia mwaka wa 1984, wanafunzi wa darasa la nne wa shule mbili za mpango huo, King, na Brennan iliyojiunga baadaye, walikuwa wa tatu na wa nne mjini katika mtihani. Umaskini wa familia zao ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni jinsi watoto walivyopokewa na kufundishwa.

Kazi ya namna hiyo ilienea. Mwaka wa 2011, watafiti walichapisha matokeo ya mipango 213 iliyogusa wanafunzi zaidi ya 270,000. Watoto waliofundishwa stadi hizi walielewana vizuri zaidi na wenzao, na alama zao za masomo zikapanda pia.

Je, nasi hapa Kenya? Mwaka wa 2001 serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, madarasa yakafurika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikakataza tena kumpiga mwanafunzi na kumtesa kiakili. Lakini kuondoa kiboko ni nusu ya safari. Tukisema samaki mkunje angali mbichi, wengine husikia ruhusa ya kupiga. Methali inasema kukunja, haisemi kuvunja. Mfumo wa mtaala wa mwaka wa 2017 ulitaja mawasiliano, ushirikiano na maadili, tena ukatambua nafasi ya mzazi. Basi wewe mama, na wewe nyanya au shangazi unayelea, una sehemu yako.

Mtoto akirudi amepigana, mwulize kwanza, "Ulihisi nini?" Kisha mwulize, "Ungefanya nini kingine?" Mpe majina ya hisia: hasira, wivu, aibu, hofu. Mwache aongee mkila chakula cha jioni, hata kama ni dakika kumi. Akihamia shule mpya, mpeleke mwenyewe, umjulishe kwa mwalimu. Na ukiitwa shuleni, nenda kushauriana, si kugombana. Maggie hakuwa na cheti, wala kazi hizi hazidai cheti.

Mtoto msumbufu leo huenda ni mtoto ambaye bado hajafundishwa. Tumfundishe.