Kipande cha Jana na Cheti cha Leo



Kila ifikapo tarehe mosi Mei, wafanyakazi wa nchi jirani ya Kenya hukusanyika, kama wenzao wa nchi nyingine nyingi, kuadhimisha sikukuu yao. Hotuba hutolewa, na maneno haki na usawa hutajwa mara nyingi. Ni maneno mema. Lakini haki ya mfanyakazi haipimwi kwa hotuba. Hupimwa kwa yale yaliyoandikwa katika karatasi yake ya kazi, na kwa swali hili: je, karatasi hiyo imeandikwa kumlinda au kumfunga? Historia ya Kenya inatupa karatasi mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni kipande. Ya pili ni cheti cha utumishi.

Kipande kilizaliwa na sheria ya kuandikisha wenyeji iliyopitishwa mwaka 1915, na kikaanza kutumika baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho. Kiliandikwa jina lake na kabila lake, kikapigwa alama za vidole vyake, na ndani yake mwajiri akaandika siku ya kuanza kazi, mshahara na siku ya kuacha. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Wazee waliokivaa walikifananisha na kengele ya mbuzi, na hawakukosea, kwa maana kengele huvalishwa mnyama ili mwenye mali ajue alipo.

Uzito wa kipande haukuwa katika bati, bali katika sahihi. Mtumishi hakuweza kuondoka kwa halali mpaka bwana wake atie sahihi kwamba amemwachilia. Akiondoka bila sahihi hiyo alihesabiwa kuwa mtoro, na utoro wa kazini ulikuwa kosa la jinai. Aliyechoshwa na kipigo au posho haba akakimbia, alisakwa na polisi, akapelekwa mbele ya hakimu, akatozwa faini au akafungwa. Tena, mshahara ulioandikwa na bwana wa kwanza ulisomwa na bwana wa pili, naye hakuona sababu ya kulipa zaidi. Hivyo kipande kilimzuia mtu kukimbia, na papo hapo kikamzuia kupanda.

Haikuwa ajabu basi kwamba siasa ya kwanza ya mjini Nairobi ilizaliwa katika malalamiko ya kazi. Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka machifu na maofisa wawahimize vijana waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpokea simu katika ofisi ya Hazina, akawaunganisha watu wa makabila mbalimbali kupinga kodi, kipande na mshahara uliokatwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe, ukamiminiwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke ambaye sheria haikumtaka avae kipande, lakini aliyewatangulia wanaume kukikataa.

Ikapita robo karne. Mwezi wa Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waligoma kwa muda wa siku 12. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na kiongozi aliyejulikana zaidi miongoni mwao alikuwa Chege Kibachia. Serikali ililazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara, na nyongeza ikapatikana. Kibachia mwenyewe alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini mbali na wenzake.

Mwaka huo wa 1947 ilipitishwa pia sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, ili kipande kiondolewe. Hapo ndipo ukweli ulipojifunua. Walowezi, ambao kwa miaka mingi waliwaambia Waafrika kwamba kupigwa alama za vidole si aibu, walipotakiwa nao watoe vidole vyao walipiga kelele kwamba wanadhalilishwa. Haikuhitajiwa hoja nyingine kuonyesha kipande kilikuwa kitu gani.

Kuondoka kwa kipande hakukuleta usawa. Mwaka 1948 tume ya Holmes ilipendekeza kwamba Mwafrika au Mwasia serikalini, hata akiwa na elimu ile ile na kazi ile ile, alipwe sehemu tatu tu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilidumu mpaka tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba viwango vya rangi viachwe. Mwezi wa Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini. Mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Kazi.

Hata hivyo uhuru nao ulikuwa na mapungufu yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilimpa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi miwili, lakini ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni mapumziko. Kasoro hiyo iliondolewa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyotoa miezi mitatu yenye mshahara kamili bila kugusa likizo ya mwaka. Sheria hiyo inakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, dini, kabila, ulemavu na ujauzito, na inaagiza malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Mwajiri akishtakiwa kwa ubaguzi, ni juu yake kuthibitisha kwamba hakubagua. Katiba ya mwaka 2010 iliongeza nguvu juu ya hayo.

Na hapa tunaifikia ile karatasi ya pili. Sheria ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, endapo amefanya kazi kwa muda usiopungua majuma manne mfululizo. Kinaandikwa jina la mwajiri na la mfanyakazi, aina na mahali pa kazi, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mshahara haumo katika orodha hiyo, wala mwajiri halazimiki kueleza tabia ya mtu. Anayekataa kwa makusudi kukitoa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Zamani aliyefungwa kwa ajili ya karatasi alikuwa mtumishi. Leo sheria inamtazama bwana.

Nchi nyingine za ujirani huu zimefuata njia hiyo. Tanzania kwa sheria yake ya mwaka 2004, na Uganda kwa ile ya mwaka 2006, zinamtaka mwajiri aeleze masharti ya kazi kwa maandishi.

Lakini, ndugu wasikilizaji, tusijidanganye. Wapo vibarua wa mashambani, watumishi wa majumbani na vijana wa viwanja vya ujenzi wanaofanya kazi miaka na miaka bila karatasi yoyote. Kipande kililetwa na polisi. Hakuna aliyehitaji kukiomba. Cheti hakiji hivyo. Asiyejua kuwa ni haki yake hakiombi, na mwajiri asiyeombwa hunyamaza. Kazi hiyo ya kuwajulisha ni ya vyama vya wafanyakazi, ni ya wakaguzi wa kazi, na ni yetu sisi tulio na vipaza sauti. Waliokufa Nairobi mwaka 1922 walikataa karatasi iliyowafunga. Wajukuu wao hawana budi kuidai ile inayowalinda.