Ishara ya Bubu na Waya wa Simu

Tangu zama za kale wanazuoni wa fiqhi walikabiliwa na swali hili: mtu asiyeweza kusema ataoa vipi, atauza shamba vipi, na akitaka kumwacha mke atamwacha vipi? Jawabu yao ilikuwa ya uadilifu. Ishara yake ikiwa yafahamika, basi hiyo ndiyo kauli yake. Walikhitilafiana katika matawi, mathalani ushahidi mbele ya kadhi. Lakini katika nikahi, talaka na biashara mkono wa bubu ulipewa hukumu ya ulimi. Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyotungwa baina ya mwaka 1869 na 1876, iliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 70.

Bubu huyo wa vitabuni aghalabu ndiye kiziwi wa kuzaliwa, na watu wa namna yake walikuwako wengi katika kasri la Masultani huko Istanbul. Walipendwa kwa sababu ukimya ulikuwa ndiyo adabu ya kasri. (Kazi zao nyingine hazikuwa za kusifiwa, maana hao hao walitumwa kuwanyonga waliohukumiwa.) La kuzingatiwa ni kwamba hawakukaa mmoja mmoja. Walikuwa jamaa, wakubwa waliwafunza wadogo, na lugha yao ya mikono ikakomaa hata watumishi wenye kusikia wakajifunza, na baadhi ya Masultani pia. Kiziwi aliye peke yake katika nyumba ya wasikiao hubaki na ishara chache za chakula na maji. Akikutana na wenziwe hupata lugha kamili.

Ulaya ilishika njia nyingine. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, karibu wote watu wa kusikia, wakakata shauri kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo na ishara ziachwe. Alexander Graham Bell naye alikuwa na rai hiyo, ingawa mkewe alikuwa kiziwi na mama yake alikuwa mgumu wa masikio. Bell huyo ndiye aliyepewa hati ya simu mwaka 1876. Chombo chake kikawaunganisha walimwengu, kikawaacha nje watu wa nyumbani mwake.

Kwa muda wa karibu miaka 90 kiziwi akitaka kuzungumza na rafiki aliye mtaa wa pili ilimbidi aende mpaka mlangoni, asijue kama yupo au hayupo. Ndipo mwaka 1964, huko California, Robert Weitbrecht, mtaalamu wa fizikia na kiziwi tangu kuzaliwa, alipotengeneza chombo cha kugeuza herufi za mashine ya kupiga chapa kuwa milio ipitayo katika simu ya kawaida. Upande wa pili milio hiyo ikarudi kuwa herufi. Aliyemwomba kazi hiyo ni James Marsters, daktari wa meno, na aliyeshirikiana nao ni Andrew Saks, wote viziwi. Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu, kubwa na nzito, zilizokwisha kutumika. Viziwi walizikusanya, wakazitengeneza kwa mikono yao, wakazibeba nyumba hata nyumba. Hawakungoja sadaka ya mtu.

Yaliyofuata yalikuja mbio: barua za kompyuta, ujumbe wa simu ya mkononi, kisha picha zinazotembea, ambazo zapeleka ishara yenyewe bila haja ya herufi. Mama wa kijijini aliyejaliwa mtoto kiziwi, ambaye zamani alidhani yuko peke yake duniani, leo aweza kuonyeshwa na mama mwenziwe ishara za kumwitia mwanawe.

Na Uganda haikuwa nyuma. Katiba ya mwaka 1995 ilitaja kukuzwa kwa lugha ya ishara, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bungeni.

Msikitini hali ni nyingine. Siku ya Ijumaa kijana kiziwi huketi akitazama midomo ya khatibu, na aghalabu hapana wa kumfasiria. Huinama na kuinuka kwa kufuata migongo ya walio mbele yake, asijue kilichosomwa. Baada ya swala hutoka nje, huiwasha simu yake, na humo huwakuta wa kuzungumza naye. Dini yake ataipata kwa yule atakayetangulia kumsemesha kwa mikono, naye huenda asiwe Mwislamu.