Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mbio za Nyika Mombasa, 2007

Kina mama wenzetu na wahisani wetu, chama kinapotimiza miaka kumi tumeona tukumbushane jambo lililotokea mjini kwetu kabla hatujaanza kuweka pamoja, maana lina somo kwetu.

Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za nyika, mara ya kwanza kufanyika Kenya. Mbio zilikuwa kwenye uwanja wa gofu, karibu na Lighthouse, pale bahari inaonekana. Wanaume walikwenda kilomita 12, wanawake 8. Jua letu la Kaskazi na ule unyevu wa bahari havikuwa mchezo, wengi waliacha njiani. Hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyeshinda mbio ndefu miaka 5 mfululizo tangu 2002, hakumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akawa wa kwanza, na Kenya ikachukua ushindi wa timu ya wanaume.

Hapa Pwani tulizoea mpira na ngoma. Mbio ndefu tuliziona ni mambo ya watu wa bara. Siku hiyo hata bibi zetu walitaja majina ya wakimbiaji, na wasichana wetu wakaona wanawake wenzao wakishangiliwa.

Biashara nayo ilichangamka. Sisi tuliouza madafu, mihogo na viazi karai tulimaliza mapema. Lakini ilikuwa siku moja tu. Wageni walirudi kwao, na mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, mahoteli ya Pwani yalikosa watu. Waliorudishwa nyumbani bila kazi walikuwa waume zetu na watoto wetu.

Sasa mtazameni aliyeshinda upande wa wanawake, Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyewakilisha Uholanzi. Pesa za mbio hakuzila zikaisha. Alijenga kituo cha mazoezi kule Iten, wageni wa ng'ambo wakawa wanakwenda kulala na kufanya mazoezi, hata siku zisizo na mashindano.

Hilo ndilo somo. Mbio zikija tena mjini, mkopo wa chama utusaidie kununua bidhaa mapema, na sehemu ya faida irudi kwenye akiba kabla mkono haujaizoea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi twaongeza: mgeni akishaondoka, mwenyeji abaki na chake.