Moko, Baraza na Mizani

Kama umewahi kukaa kidato cha nne hapa Songea, maneno haya unayajua: "Yule moko alipata wani, ya Baraza akaambulia ziro." Sababu huwa tatu: alilewa sifa, alibahatisha, au kuna mkono wa mtu. Mimi naomba tuongeze ya nne, nayo tuitafute kwenye historia.

Enzi za mkoloni, na hata miaka ya mwanzo ya uhuru, mtihani wetu wa sekondari ulikuwa wa Cambridge. Msahihishaji wa Uingereza hakumjua mtoto wa Peramiho wala wa Mbinga. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuanzisha Baraza letu wenyewe, NECTA.

Mwaka 1974, kikao cha TANU kule Musoma kikauliza jambo zito: kwa nini miaka yote ya shule iamuliwe na siku chache za mtihani? Likatoka Azimio la Musoma, na kuanzia 1976 maendeleo ya darasani yakapewa nusu ya alama. Hapo mwalimu anayekujua kwa jina naye akaishika mizani.

Lakini mizani ya walimu si moja. Yupo mwenye mkono mwepesi, yupo anayetunga moko ngumu makusudi ili mshtuke. Tena moko hufanyika wakati mada nyingine hazijaguswa. Mkulima wa Ruvuma hili halimpi taabu kulielewa: nyumbani alipima mahindi kwa debe, mnunuzi akaja na lumbesa. Mahindi ni yaleyale, kipimo ndicho kimebadilika.

Ushahidi mkubwa ni mtihani wa 2012. Februari 2013 Waziri wa Elimu, Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo: watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata ziro. Nchi nzima ikapiga kelele, tume ikaundwa. Mei 2013 Waziri William Lukuvi akaliambia Bunge kwamba matokeo yale yanafutwa. Ikaonekana Baraza lilikuwa limetumia utaratibu mpya wa kupanga madaraja, basi yakapangwa upya kwa utaratibu wa 2011. Ufaulu ukapanda kutoka kama asilimia 34 hadi 43. Na hakuna aliyerudia pepa hata moja, jamani! Karatasi zilezile, mwandiko uleule. Mwishoni mwa mwaka huo Serikali ikatangaza mgawanyo mwingine: katika alama 100, moko ihesabiwe 10.

Sisemi tusingizie mizani kwa kila kitu. Hata baada ya kupanga upya, zaidi ya nusu walifeli, na hilo lina mizizi yake: vitabu haba, maabara tupu, walimu wa sayansi wa kutafuta kwa tochi. Moko inakuonyesha mahali pa kurekebisha wakati muda bado upo. Haikuahidi kitu.

Ila namfikiria yule kijana aliyeitwa ziro mwezi wa pili, akaja kuambiwa amefaulu miezi michache baadaye. Kichwa chake hakikuwa kimebadilika. Je, alikuwa bado na madaftari yake, au alishayatoa yakafungie karanga sokoni?