Gazeti letu lilizaliwa Mji wa Kale

Nikimuuliza kijana wa Mji wa Kale gazeti la kale la Mombasa, akijua lolote atanitajia lile la Kiingereza. Hakosei. African Standard lilianzishwa hapa hapa kisiwani mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Kihindi, likauzwa, likahamia Nairobi mwaka 1910, na ndilo The Standard la leo. Lakini hilo halikuandikiwa wazee wetu.

Lililoandikiwa wao lilikuja mwaka 1930, pale Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili. Mwaka 1932 akalifuatisha na Al-Islah, yaani matengenezo, kwa Kiarabu na Kiswahili. Sheikh alizaliwa 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. Wengi siku hizi humjua kwa mwanawe, Profesa Ali Mazrui.

Sheikh alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililoanza Cairo mwaka 1898. Jarida hilo lilivuka bahari. Huko Singapore lilichochea Al-Imam mwaka 1906, na Padang, katika Indonesia ya leo, likatoka Al-Munir mwaka 1911. Yote mawili yalikuwa kwa Kimalay cha herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokiandika Kiswahili. Basi Mswahili wa Kibokoni na mtu wa Sumatra walikuwa chini ya wakoloni mbalimbali, mmoja Mwingereza na mmoja Mholanzi, lakini wakijiuliza jambo moja: vipi tupate elimu mpya bila kuipoteza dini?

Jibu la Sheikh halikuwa la kubembeleza. Aliwakemea Waislamu wenzake kwa kuzembea elimu, ya watoto wa kike ikiwemo, kwa kutapanya mali, na kwa kumwiga Mzungu katika mavazi huku wakiiacha bidii yake ya kazi. Kuhusu mali inayoteketea harusini, mimi sina la kuongeza. Kila mtu anajua alichokopa.

Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, kilichotoka 1944. Mwaka 2017 Kai Kresse na Hassan Mwakimako wakakitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ndiyo maana leo tunaweza kubishana na Sheikh.

Karatasi zenyewe ni shauri jingine. Niliwahi kufunguliwa sanduku la marehemu mzee mmoja mtaani: barua na majarida ya herufi za Kiarabu, nusu yameliwa na mchwa, na wajukuu hawajui kuyasoma. Walikuwa wakitaka kuyachoma, wakiogopa kuyatupa jaani yasije yakawa na jina la Mwenyezi Mungu.

Aliye na sanduku kama hilo kwao asichome kwanza. Apige picha kila ukurasa kwa simu, tarehe na nambari ya toleo zionekane, kisha amwite mwalimu wa madrasa amsomee.